Injini zinazolaza silinda ili kuokoa mafuta: zinadumu? (Uzi mrefu, someni taratibu)

Spana17 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Ijumaa iliyopita nilifungua injini ya pikapu ya V8 (silinda nane) ya ndugu mmoja Mkongo anayebebea watu mizigo hapa Texas. Imetembea kilomita 190,000 na ushei. Ilianza na mlio mdogo, tik tik tik, hata injini ikishapata moto haupotei. Akauliza mahali akaambiwa V8 zote ndivyo zilivyo, endesha tu. Akaendesha. Wiki ya tatu injini ikaanza kumisi, taa ya injini inawakawaka, gari likisimama kwenye taa za barabarani linatetemeka kama mtu mwenye homa.

Nilipotoa kichwa cha upande wa kushoto na kuchomoa matapeti (vile vipande vinavyopokea msukumo wa kamshafti na kuupeleka kwenye valvu), moja lilitoka kwa shida. Kigurudumu chake, kile kinachobingirika juu ya kamshafti (mhimili wenye nundu unaofungua valvu), kilikuwa kimegeuka upande. Badala ya kubingirika kikawa kinakwangua. Nundu ya kamshafti chini yake imelika mpaka unaweza kulaza ukucha kwenye shimo. Oili niliyoimwaga kutoka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) iling'aa kama rangi ya metaliki. Nilimwekea lile tapeti kiganjani, akalitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: "Sasa fundi, waliotengeneza hiki kitu walikuwa wanatafuta nini?"

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya swali hilo. Magari yenye mfumo wa kulaza silinda yameanza kuingia kwetu kutoka Japani na Ulaya, na wenzetu walioko Ghuba na Marekani wanayaendesha kila siku. Naona watu wananunua bila kujua, na wengine wanayakimbia bila kujua.

Tuanze na sababu. Injini ya petroli inapumua kupitia mlango wa hewa. Ukitembea kilomita 90 kwa saa kwenye barabara tambarare, V8 ya lita 5.3 inahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu zake, kwa hiyo mlango wa hewa unakuwa karibu umefungwa. Pistoni nane zinahangaika kuvuta hewa kwenye upenyo mwembamba, mfano wa mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Nguvu ya kunyonya huko inalipiwa na petroli yako. Ukizilaza silinda nne, nne zilizobaki zinabeba kazi ya nane, mlango wa hewa unafunguka zaidi, mvutano unapungua. Hapo ndipo mafuta yanapookolewa.

Ila kukata petroli peke yake hakutoshi. Valvu zikiendelea kufunguka na kufunga, silinda iliyolala itakuwa inasukuma hewa tupu kwenye ekzosi, sensa ya oksijeni itasoma uongo na katalisti itapoa. Ni lazima valvu zote za silinda hiyo zibaki zimefungwa, na hewa iliyonaswa ndani iwe inabanwa na kuachiwa kama springi. Shikeni hapo, maana karibu kila ugonjwa wa injini hizi unaanzia kwenye kile kifaa kinachoziacha valvu zimefungwa, au kwenye silinda yenyewe inayokaa bila kuwaka.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1981 Cadillac walitoa V8 ya lita 6.0 iliyoweza kushuka hadi silinda 6 na hadi 4. Kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito kufikiri, gari likawa linasitasita, wenye magari wengi wakakatisha umeme wa mfumo na kubaki na V8 yao. Mwaka uliofuata injini hiyo ilikuwa imeondolewa kwenye karibu magari yote ya kampuni. Mitsubishi nao walijaribu mwaka 1982 kwenye injini ndogo ya lita 1.4. Kisha kukawa kimya kirefu, mpaka miaka ya 2000 kompyuta zilipokuwa na akili ya kutosha.

Hapo GM (General Motors) wakaja na mfumo wao kwenye V8 za modeli ya 2005, Chrysler wakauweka kwenye V8 yao ya Hemi ya lita 5.7, na Honda kwenye V6. GM na Chrysler wote wanalaza silinda ya 1, 4, 6 na 7. Hebu niwaeleze tapeti la GM, kwa sababu ukilielewa hilo mengine utayafuata. Tapeti la kawaida ni kipande kimoja: kamshafti inalisukuma, nalo linasukuma fimbo, fimbo inasukuma roka, valvu inafunguka. Tapeti la kulaza silinda ni vipande viwili, kimoja ndani ya kingine, vimefungwa pamoja kwa pini mbili ndogo zenye springi. Kompyuta ikitaka silinda ilale inaamuru solenoidi (valvu ndogo ya umeme) ifungue njia ya oili. Presha ya oili inazisukuma zile pini ndani, vipande vinaachana, ganda la nje linaendelea kupanda na kushuka na kamshafti huku la ndani limetulia. Fimbo haisogei, valvu haifunguki. Kompyuta ikitaka silinda iamke, presha inakatwa, springi zinarudisha pini mahali pake.

Yote hayo yanatokea kufumba na kufumbua, kwenye injini inayozunguka mara elfu mbili kwa dakika, maelfu ya mara kwa safari moja ya mbali. Oili ikiwa chafu, ikiwa nzito kuliko ilivyotakiwa, au ikiwa imepungua, pini inachelewa au inakwama. Tapeti likikwama katika hali ya kulala, silinda imekufa mpaka ufungue injini. Likizunguka ndani ya kishikio chake ndiyo yale ya rafiki yangu Mkongo. Na kulibadilisha si kazi ya kufungua kifuniko cha juu tu. Kwenye V8 za namna hii lazima vichwa vitoke.

Ugonjwa wa pili ni kula oili. Silinda iliyolala inapoteza taratibu ile hewa iliyonaswa, mvutano unazaliwa juu ya pistoni, oili inapenya kwenye ringi na kupanda. Kwenye V8 za GM za kizazi kile kulikuwa pia na valvu ya kupunguza presha ya mfumo huu iliyokuwa ikirusha oili kwenye kuta za silinda, mpaka wakaja kuiwekea kinga ya kuzuia michirizi. Mwezi Oktoba 2022 baraza la mahakama kule San Francisco liliamuru GM walipe dola milioni 102.6 kwa wenye magari wa majimbo matatu, kesi ikiwa juu ya ulaji oili wa injini ya 5.3. Honda nao walifikia makubaliano mahakamani mwaka 2013 juu ya V6 zao zilizokuwa zinachafua plagi kwa oili na kumisi. Magari takriban milioni 1.6 yaliongezewa dhamana hadi miaka 8 kwa tatizo hilo.

Maswali yaje.

Kipara Ngoto

Mkuu umeeleza vizuri, ila mimi nasema wazi: hii teknolojia ni ya kutupa. Toyota waliona mbali, wao wana VVT-i na magari yao yanafika kilomita 400,000. Halafu huo mfumo unaokoa nini? Kijiko cha petroli.

Spana17

Kipara, kaka, VVT-i ni kitu kingine. Inasogeza wakati wa valvu kufunguka, mapema au baadaye kidogo. Hakuna silinda inayolala. Nimekutana na watu wengi wanaochanganya hivi viwili, kwa hiyo umefanya vizuri kulileta.

Kuhusu kijiko cha petroli, tupige hesabu. Volkswagen walipoleta mfumo wao mwaka 2012 kwenye injini ya 1.4 walitaja akiba ya lita 0.4 kwa kila kilomita 100 kwenye kipimo rasmi cha Ulaya. Mtu anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka anaokoa lita 80. Si kitu cha kudharau, lakini ukikaa na gari miaka mitano halafu ukashusha injini mara moja, akiba yote imekwenda na umeongeza zako. Na mwaka 2021, chipu za kompyuta zilipoadimika duniani, GM walitengeneza baadhi ya pikapu za V8 bila moduli ya kuongoza mfumo huu. Pikapu hizo zilipungukiwa takriban maili 1 kwa kila galoni ya petroli. Basi.

Sasa kwa nini kampuni zinang'ang'ania? Wewe unahesabu gari lako moja. Wao wanapimwa na serikali kwa wastani wa magari yote wanayouza. Maili 1 kwa galoni kwenye pikapu laki kadhaa kwa mwaka ni jambo kubwa kwao. Gharama ya tapeti likikwama baada ya dhamana kuisha inabaki kwako. Hilo linaniumiza sana, maana wanaokuja gereji kwangu hawana gari la pili.

Lakini siwezi kukubali kwamba yote ni ya kutupa. Nitafafanua nikirudi, kuna gari juu ya jeki.

Mama Wawili

Habari zenu. Niko Nairobi. Nimeweka akiba ya kuagiza gari kutoka Japani na nimebakiza mawili: Golf 7 Highline ya 1.4, au Mazda CX-5 ya 2018 yenye injini ya 2.5. Zote mbili naambiwa zina huu mfumo. Nimesoma hadi nimeogopa. Niache?

Spana17

Usiogope, dada. Swali lako ndilo lenye nyama, kwa sababu hayo magari mawili yanalaza silinda kwa njia tofauti kabisa.

Golf inalaza silinda ya 2 na ya 3, za katikati. Haina tapeti la vipande viwili. Nundu za kamshafti zimetengenezwa juu ya bomba fupi linaloweza kuteleza kushoto na kulia. Sumaku ya umeme inashusha kijipini kwenye mfereji uliochongwa mzunguko, bomba linateleza milimita chache, na roka inajikuta imekaa juu ya duara lisilo na nundu. Valvu inabaki imefungwa. Ikitaka kuamka, kijipini cha pili kinashuka, bomba linarudi. Presha ya oili haina kazi kwenye kufunga na kufungua. Ndiyo maana husikii vilio vya matapeti kwenye injini hiyo kama vya V8 za Kimarekani. Mimi ningeinunua, na wasiwasi wangu ningeupeleka kwenye gia boksi yake ya DSG kabla ya silinda.

Mazda wanalaza ya 1 na ya 4, za pembeni. Wao wanatumia oili na pini, ila pini imewekwa kwenye nguzo ambayo roka inaegemea, kitu kilichosimama, hakipandi na kushuka na kamshafti. Ni afadhali kuliko tapeti la V8. Hata hivyo mwaka 2019 waliita magari zaidi ya 260,000 kule Marekani yarudi kurekebishwa, CX-5 na Mazda6 za 2018 na 2019 pamoja na Mazda3 za 2019, kwa sababu programu ya kompyuta iliweza kuiacha ile nguzo bila kurudi sawasawa na roka ikadondoka mahali pake. Dawa ilikuwa kubadilisha programu. Kwa hiyo ukiamua Mazda, mpe wakala namba ya chesisi aulizie Japani kama kuna wito wowote wa kiwandani ambao gari hilo halijafanyiwa. Usikubali kuambiwa "iko sawa, madam" bila kuonyeshwa.

Sasa Kipara ndugu yangu, unaona ninachosema? Ukisema "injini inayolaza silinda" hujasema kitu bado. Inalaza kwa kutumia nini? Kwa oili au kwa sumaku? Kifaa kinatembea na kamshafti au kimesimama? Jibu la hapo ndilo linalokuambia kama itadumu.

Mzee wa Gerezani

Naomba niongeze moja, mimi ni fundi hapa Dar miaka mingi. Honda Fit Hybrid za 2010 hadi 2013 nazo zinalaza silinda. Ukiachia mafuta na gari linateremka, valvu za silinda zote nne zinafungwa ili injini isiwe mzigo na betri ichajiwe vizuri. Zimejaa mjini, na wengi wanaoziendesha hawajui. Sasa kila siku naona vijana wanamwaga oili nzito ya 20W-50 humo, kisa "nchi yetu ya joto". Kitabu cha gari kinasema 0W-20, oili nyepesi.

Spana17

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Hilo nilitaka liandikwe na mtu wa nyumbani ili lisionekane ni maringo ya aliyeko ughaibuni.

Wakuu, 20W-50 ni oili nzuri kwa injini iliyoundwa kwa ajili yake. Kwa injini inayosukuma pini kwa presha kwenye vitundu vyembamba kama sindano ya kushonea magunia, asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, oili hiyo inafika imechelewa. Joto la Dar halibadilishi upana wa kitundu. Na kisingizio cha injini kula oili kisiwe sababu ya kuinenepesha. Tafuteni inakopotelea kwanza.

Muda wa kubadilisha nao. Magari haya yana kompyuta inayokuambia oili imebakiza asilimia kadhaa, na ukiitii unaweza kupita kilomita 12,000. Binafsi kwenye injini yenye matapeti ya kulaza namwaga kila kilomita 8,000, kwenye mizunguko ya mjini 6,000. Na kila mara ya pili ukijaza petroli vuta kijiti upime. Kwa injini hizi, kukaa lita moja chini ni kucheza na matapeti yako.

Nahodha wa Wete

Assalam alaykum bwana fundi. Niko Muscat. Gari langu ni la V8 la Kimarekani, kubwa, la familia, lina mfumo huo. Lina kilomita 140,000. Asubuhi linatoa mlio wa tik tik kama dakika tatu hivi, kisha linanyamaza. Kuna mtu kaniambia ninunue kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani, kinazuia silinda zisilale, basi nimepona. Mwengine kaniambia nitoe mfumo wote. Nishike la nani?

Spana17

Waalaykum salam, kaka Nahodha.

Kile kifaa kinaidanganya kompyuta isitoe amri ya kulala. Kinafanya kazi, na kwa gari lenye injini nzima mimi sikipingi: pini isiyoamriwa kusogea inapata nafasi chache za kukwama. Wenye Honda V6 huku wanafanya yao kwa kifaa kinachofanya kompyuta isome maji ya rejeta yana ubaridi kuliko yalivyo, nayo inakataa kulaza silinda. Lakini nisikilize vizuri: tapeti la vipande viwili bado limo humo ndani, na pini zake, na springi zake. Lililoanza kulika halitaacha kulika kwa sababu umechomeka kitu chini ya usukani. Nimewahi kumpokea mtu aliyekaa na kifaa hicho miezi minane huku mlio unaongezeka, akiamini amepona.

Kutoa mfumo wote ni kazi ya kweli: vichwa chini, matapeti 16 mapya ya kawaida, kamshafti mpya kwa sababu nundu za silinda zinazolala zina umbo lake, kifuniko cha bondeni (katikati ya V ya injini) kisicho na solenoidi, halafu kompyuta iandikwe upya. Ukikosa hilo la mwisho gari litawasha taa siku zote. Ifanye pale tu ambapo injini ingefunguliwa kwa vyovyote.

Ila kabla ya yote hayo, kuna jambo katika maelezo yako. Umesema unanyamaza baada ya dakika tatu. Tapeti lililolika kwa kawaida halinyamazi injini ikipata moto. Mlio unaokuja baridi na kuondoka moto, kwenye V8 hizi, mara nyingi ni bolti ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye vichwa) iliyokatika: chuma kikiwa baridi kuna mwanya, moshi unapiga tik tik, kikipata moto kinatanuka na mwanya unaziba. Mwambie fundi amulike tochi kwenye kona za nyuma za manifoldi, pande zote mbili, atafute masizi meusi na bolti isiyo na kichwa. Wakati huohuo amwage oili, akate filta kwa msumeno, aikunjue ile karatasi juani. Ukiona chembe zinazong'aa, acha kuliendesha siku hiyohiyo.

Kipara Ngoto

Spana, hizi mpya za GM nasikia zinalaza silinda yoyote. Hiyo si ndiyo hatari zaidi?

Spana17

Kuanzia modeli ya 2019, ndiyo. Mifumo 17 ya kuwaka, silinda zozote kati ya 8 kufuatana na mzigo, kompyuta inaamua upya kila mara. Upande wa mafuta na ulaini wa kuendesha ni kazi nzuri ya kihandisi, nasema bila kusita. Upande wangu mimi wa spana, awali matapeti ya vipande viwili yalikuwa 8, sasa ni yote 16.

Na haki itendeke: kwenye Hemi, vigurudumu vya matapeti vimekuwa vikiharibika hata kwenye silinda ambazo hazilali kabisa. Huko kuna habari ya beringi za kigurudumu na namna oili inavyofika gari likiwa linanguruma limesimama. Kwa hiyo wenye tabia ya kuacha V8 inawaka saa nzima ili AC ipoe, hasa ninyi wa Ghuba, ipunguzeni.

Mama Wawili

Asante sana Spana. Nimeamua Golf. Wakala ametuma kitabu cha huduma, kina mihuri saba ya oili, na historia ya gia boksi nimeomba pia.

Nahodha wa Wete

Bwana fundi, nimerudi. Jana nimepeleka gari. Upande wa abiria, nyuma kabisa, bolti mbili za manifoldi hazina vichwa, na ukuta pale mweusi tititi kama chungu cha kuni. Filta tumeikata mimi na fundi, tumeianika kwenye boneti nusu saa: karatasi safi, hamna hata chembe. Bolti za zamani zimetolewa kwa kuchomelewa nati juu yake, zimetoka zote mbili bila kutoboa. Leo asubuhi nimewasha, kimya. Mke wangu kauliza kama gari limewaka kweli.

Spana17

Alhamdulillahi. Hiyo filta iliyokatwa ihifadhi kwenye mfuko uandike kilomita. Kata na inayofuata, uzilinganishe.

Anayeuliza faragha kuhusu Audi ya V8, leta hapa hapa hadharani pamoja na mwaka na namba ya injini, ili na wengine wapate.